Zamu Iliyozikwa: Panga Kutoka Msibani

Wiki jana tulimwacha mwenyekiti Rwegasira ameingiza mkono ndani ya gunia, na Evaresta amefumba macho. Haya, mkono huo unatoka sasa hivi.

Ulitoka na panga.

Evaresta alifumbua jicho moja, akalifumba tena upesi. Alilijua panga hilo. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa mpira wa baiskeli, na Jumatano iliyopita mpira huo ulikuwa ndani ya kiganja chake mwenyewe.

"Limekutwa limechomekwa ukingoni, hatua mbili kutoka lango la mfereji," alisema Rwegasira. "Nizigiyimana, wewe ndiye uliyelikuta?"

"Ni mimi, mwenyekiti," alijibu Nizigiyimana, fundi wa mfereji, mtu wa maneno machache kama redio iliyoishiwa betri.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, habari ni fupi. Hapa Chonyonyo, kiangazi kikikaza, maji ya kijito cha Nyakabanga hugawiwa kwa zamu. Kila kaya ina siku yake, na siku hiyo ikipita unasubiri siku kumi na moja. Lakini mtu akifa, hakuna jembe kugusa ardhi wala mkono kugusa lango mpaka azikwe. Zamu iliyoangukia siku ya mazishi huhesabiwa kuwa imezikwa na marehemu. Huidai popote.

Mzee Byarugaba, ambaye ndiye aliyeanza kuuchimba mfereji wenyewe, alizikwa Jumatano. Jumatano ilikuwa zamu ya Evaresta.

Nyanya zake zilikuwa kwenye maua. Majani yalikuwa yamejikunja. Msibani akatumwa kukata majani ya migomba ya kufunikia masufuria ya ndizi. Njia aliyoichagua ikapita langoni. Akachomeka panga ukingoni, akanyanyua ubao wa juu wa lango, mmoja tu, akajiambia ni saa moja tu, hakuna atakayejua. Kisha akarudi jikoni bila panga, akapewa kazi ya kuongoza nyimbo za maombolezo, akaimba, akaimba, akasahau.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yamepasua tuta na kuzoa kitalu chote cha miche ya kahawa cha Benadeta, mjane wa yuleyule aliyekuwa akimwimbia.

Ndiyo hivyo. Alimlilia mume kwa sauti tamu, huku mfereji ukimfilisi mke.

"Panga lina herufi," Rwegasira aliendelea, akiligeuza kwenye mwanga wa mlango wa ghala la kahawa, mahali kikao kilipokaa. "R na Z. Zimechomwa kwa moto. Nani hapa ana R na Z?"

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja. Rwezaura alisimama, akapangusa suruali.

"Hata wewe, mwenyekiti, una R."

"Z sina."

"Nitakuazima."

Watu wakacheka. Rwezaura alikuwa hivyo. Mara mbili miaka ya nyuma alishakamatwa ameelekeza maji shambani kwake zamu si yake. Mara ya kwanza alisema alikuwa anaosha miguu. Mara ya pili alisema miguu ilikuwa bado haijatakata. Zote mbili aliadhibiwa kwa kupalilia mfereji peke yake, akapalilia akipiga mluzi.

"Panga ni langu," alisema. "Lakini Jumatano halikuwa kwangu. Lilikuwa msibani kwenye rundo, pamoja na ya kwenu. Nani hapa hakupeleka panga au jembe msibani? Anyooshe mkono nimtazame."

Hakunyoosha mtu. Ndivyo inavyofanywa. Kila nyumba hupeleka chombo chake, majembe kwa kaburi na mapanga kwa majani, vyote vinatupwa pembeni mwa kibanja cha mfiwa. Mwenye kazi anachukua kilicho karibu bila kuuliza ni cha nani. Evaresta hakuuliza. Herufi zenyewe hakuziona.

Kemigisha, aliyekuwa mkuu wa jiko siku ile, alipaaza sauti kutoka kwenye benchi la wanawake.

"Anasema kweli. Na wanaume walichukua majembe tu. Mapanga tuliyachukua sisi wa majani ya migomba. Tulikuwa watatu. Mimi, Renatha mke wake huyu, na Mama Placidia."

Mama Placidia ndiye Evaresta. Hapo angeweza kusema, msomaji. Nafasi ilikuwapo, pana kama uwanja wa mpira. Alivuta pumzi.

"Basi Mama Placidia mtoeni kwenye hesabu!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Huyo akiokota ndizi moja njiani anazunguka nayo kijiji kizima kumtafuta mwenyewe!"

Kicheko kilijaa ghala. Mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika, mama wa kuaminika kuliko mizani ya chama, aibe maji? Pumzi aliyoivuta ikatoka bila neno.

"Mimi sikwenda mbali na masufuria," alisema Kemigisha. "Nilikata mara moja nikarudi."

"Basi amebaki nani?" aliuliza Rwegasira, taratibu, kama mtu anayemenya ndizi.

Hakuna aliyelitaja jina. Renatha mwenyewe hakuwapo. Alikuwa nyumbani anamuuguza mama mkwe. Mzaha ulimtoka Rwezaura usoni, akakaa.

"Sikilizeni," Rwegasira alisema. "Kesho afisa wa maji anakuja kukagua mfereji. Anataka jina la aliyeuharibu, la sivyo kibali chetu kinasimama na nyanya zote bondeni zinakauka, zako na zangu. Na chama cha kuzikana kimeshatamka. Aliyevunja msiba wa Byarugaba anatoka, yeye na nyumba yake. Hatutamzika, wala hatatuzika."

"Mawe!" mwanamke mmoja aliguta, akimwita mama yake.

Kila mtu alimfikiria mtu mmoja. Bibi Sperancia, mama yake Rwezaura, mwezi wa tatu huo hajainuka kitandani.

"Mama Placidia," Rwegasira alisema. "Wewe na Kemigisha mkamhoji Renatha. Saa tisa mtuletee jibu. Utakalolisema wewe ndilo nitakaloliandika."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wamemtuma mwizi akamtafute mwizi, na wakampa na mtu wa kumsindikiza asipotee njia.

* * *

"Rwegasira amefurahi, umemwona?" Kemigisha alisema walipokuwa wakikatiza migombani. "Toka aje kutoka Muleba anaililia ile kona ya Rwezaura pale juu ya lango. Anataka aweke pampu yake. Wakifutwa wale, kona ni yake."

"Mm," alisema Evaresta.

"Mbona huongei? Unaumwa?"

"Kichwa."

"Ni jua. Ila mimi sikubali Renatha afanye vile. Mwoga yule. Akimkanyaga kuku anaomba msamaha."

"Mm."

Mm hiyo, ndugu msomaji, ilikuwa imebeba mzigo wa gari zima.

Walipofika, Rwezaura alikuwa ameshatangulia kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Renatha alitoka ndani na bakuli la uji, akapiga goti.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa?"

"Yupo. Leo amekunywa vijiko vinne."

Kemigisha aliingia kumsalimia mgonjwa. Rwezaura hakungoja. Alimvuta Evaresta nyuma ya jiko.

"Mama Placidia, andika mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nimefungua lango. Yaishe."

"Jumatano ulikuwa kaburini unachimba, Rwezaura. Nilikuona."

"Ulinionaje, na wewe ulikuwa umeenda kukata majani?"

Evaresta alijikwaa bila kutembea.

"Nilipita," alisema.

"Basi mimi nilitoroka baada ya wewe kupita." Rwezaura alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Renatha alirudi jioni ile kanga imelowa hadi magotini. Sikumuuliza. Nyanya zetu zilikuwa zinakufa, mama yangu analala pale, akili ya mtu inaweza kuteleza. Mimi kuitwa mwizi wa maji nimezoea, jina limenikaa kichwani kama kofia. Yeye hajazoea. Litamuua."

Evaresta alijua kanga ile ililowa wapi. Ililowa kisimani, yeye na Renatha walipokuwa wamebeba ndoo moja ya kuoshea vyombo vya msiba. Maji yalimwagika, wakacheka, kisha wakakumbuka ni msibani wakanyamaza. Sentensi moja tu ingemfungua mtu huyu kifua.

"Nitaona," alisema.

Nitaona! Kuna watu wana mawe kifuani, lakini wa kwetu huyu alikuwa na kokoto laini, ndiyo maana zilimchoma.

Mlangoni Renatha naye alimkamata mkono, akamvuta kwenye kona ya giza, na safari hii alipiga magoti yote mawili.

"Mama, najua ni yeye. Amerudia. Aliniapia mbele ya mchungaji kwamba hatarudia, na amerudia. Lakini usimtaje. Mtaje yeyote. Nitaje mimi."

"Inuka, Renatha."

"Nitaje mimi, mama. Mimi si mzaliwa wa hapa, kwetu Nyakasimbi watanipokea. Yeye akitoka hapa ataenda wapi na mama yake mgongoni?"

Mume anamdhania mke, mke anamdhania mume, na kila mmoja yuko tayari kufukuzwa badala ya mwenzake. Nimehudhuria harusi nyingi, zenye keki za ghorofa tatu, sijaona ndoa iliyoshikana hivyo. Na aliyesimama katikati yao, mwenye ufunguo mkononi, alikuwa anahesabu vigae vya paa.

"Ni Evaresta huyo?" sauti nyembamba iliita kutoka chumbani. "Asogee."

Evaresta alisogea. Bibi Sperancia alikuwa amebaki macho na mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kemigisha amenificha, lakini masikio yangu hayaumwi. Wanataka kututoa kwenye kuzikana?"

"Hawajaamua, mama."

"Mimi kufa siogopi. Naogopa kubebwa na watu wanne. Jeneza likibebwa na wanne hutikisika." Alipumzika kidogo. "Byarugaba alibebwa na kijiji. Nilisikia ulivyomwimbia, hadi humu ndani nilisikia. Mimi utaniimbia?"

"Nitakuimbia."

"Apa."

Kemigisha alikuwa pale anatazama. Rwezaura mlangoni. Renatha nyuma yake.

"Haki ya Mungu," alisema Evaresta, na kiapo hicho kilimteremka kooni kama mwiba wa sato.

* * *

Njia ya kurudi ghalani inapita kwa Benadeta, na hakuna namna ya kumpita mfiwa bila kumsalimia. Evaresta alijaribu kuharakisha. Kemigisha akakunja kona.

Mjane alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, pembeni ya mahali palipokuwa na kitalu. Sasa palikuwa tope lililopasuka, na vijiti vya kivuli vimelala ovyo kama watu waliolewa pombe ya rubisi.

"Karibuni, wanangu. Mmemwona mtu huyo?"

"Bado, mama," alisema Kemigisha.

"Mimi simtafuti. Nilikuwa na miche elfu tatu na mia mbili. Mzee aliipanda na kikohozi chake, mbegu moja moja. Alisema, Benadeta, mimi nikiondoka hii itakulisha. Ameondoka, nayo imemfuata siku ya pili. Nilichokiomba ni kimoja tu, nijue aliyefanya alikuwa na shida gani. Kama ni shida angeniambia ningempa maji yangu. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi."

Alhamisi! Kesho yake tu. Evaresta alitazama miguu yake. Wote wawili, Benadeta na yeye, wangeweza kugawana siku ile. Ilikuwa ni kuuliza tu.

Benadeta alivuta beseni lililokuwa nyuma yake. Ndani kulikuwa na miche, midogo, ina tope, mingine imebaki na jani moja.

"Nimeiokota arobaini. Chukua, Mama Placidia."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Uliimba mpaka sauti ikakauka. Watu wa mbali walikuja wakala wakaondoka, wewe ulibaki mpaka asubuhi unaimba. Sina kingine cha kukupa."

Kemigisha alifunika uso kwa ncha ya kitenge akalia. Evaresta alitaka kulia, machozi yakakataa. Alilipokea beseni kwa mikono miwili kwa sababu kukataa zawadi ya mfiwa ni tusi, na beseni lile la plastiki, lenye miche arobaini ya kuokotwa, lilimlemea kuliko mkungu wa ndizi.

* * *

Saa tisa ghala lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Rwezaura hakusubiri kuitwa. Alikuwa amesimama katikati tayari, kofia mkononi.

"Nimekiri," aliwaambia waliokuwa wakiingia, kama mtu anayegawa vipeperushi. "Nimekiri, piteni mkae. Nimekiri, shikamoo mzee. Ni mimi."

"Umesikia, Mama Placidia," alisema Rwegasira, kalamu imeshagusa karatasi. "Amekiri mwenyewe. Thibitisha tu, tuandike, tukanyweshe."

Evaresta aliweka beseni mezani.

"Futa."

"Nifute nini?"

"Jina la Rwezaura. Andika Evaresta."

Halafu mzee mmoja alisimama, macho yamemlowa, akapiga makofi. Wa pili akafuata. Mwanamke akapiga kigelegele.

"Mmeona upendo!" alisema mzee yule. "Anajitwika dhambi ya mwingine ili bibi Sperancia azikwe! Nani kati yenu angefanya hivi?"

"Sijitwiki ya mtu!" Evaresta alipaaza sauti. "Ni mimi! Nilikwenda kukata majani, nikapita langoni, nikanyanyua ubao wa juu, nikasema saa moja tu. Nikaenda kuimba, nikasahau!"

Makofi yakazidi. Kuna aliyeanzisha wimbo.

Ni kazi ngumu, ndugu zangu, kukiri mbele ya watu wanaokupenda. Afadhali ukamatwe.

"Acheni kuimba!" Hakuwa Evaresta aliyesema. Alikuwa Kemigisha, amesimama, uso umebadilika. "Acheni. Nyamazeni." Alimsogelea rafiki yake wa miaka ishirini, akamtazama kuanzia miguuni. "Siku ile ulirudi na majani machache. Viatu umeshika mkononi. Nikakuuliza, ukaniambia umeteleza."

"Ndiyo."

"Miguu ilikuwa na tope jeusi. Kwa Byarugaba pote ni udongo mwekundu, mpaka chooni. Tope jeusi hapa Chonyonyo liko mahali pamoja tu. Nilikuchotea maji ya kunawa, Evaresta. Nilikunawisha mimi."

Si Mama Placidia tena. Evaresta, kavu. Kila mtu alilisikia jina hilo lilivyovuliwa nguo.

Wimbo ulikufa. Kilichofuata kilianza kama mnong'ono, kikapanda.

"Na leo kutwa nzima umetuzungusha!"

"Umeenda mpaka kwa mgonjwa, ukamwangalia usoni!"

"Na miche ya mjane umepokea! Hiyo hapo mezani!"

"Ulikuwa unaimba nini, Evaresta? Tuimbie tena tusikie!"

"Usharika utafute mwenyekiti mwingine, huyu ana bomba lake!"

Alipokea yote amesimama. Na, mtaniamini? Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alivuta pumzi ikafika chini kabisa. Ilimuuma, lakini ilifika. Alimtazama Rwezaura, ambaye alikuwa ameachama, kofia imeanguka. Angalau huyu ameokoka, alijiambia. Angalau mama yake atabebwa na kijiji.

"Ngojeni kwanza," alisema Rwegasira.

Alikuwa hajaandika. Kalamu ilikuwa palepale, kwenye jina la Rwezaura.

"Nizigiyimana. Ulipofika langoni alfajiri ulikuta mbao ngapi?"

"Hakuna hata moja, mwenyekiti. Lango lina mbao tatu. Zote tatu zilikuwa zimekwenda na maji. Ukingo wa ng'ambo ya panga umekatwa wote, kilichokuwa juu yake kimekwenda. Ubao mmoja nimeukuta darajani, mmoja kwenye kitalu cha mama mfiwa. Wa tatu sijauona."

"Kabla yako kulikuwa na mtu?"

"Hakuna. Mimi ndiye wa kwanza."

"Vizuri." Rwegasira alisimama, akageukia watu. "Mmesikia wenyewe. Mbao tatu. Mama huyu anasema alinyanyua mmoja wa juu, na mimi namwamini. Lakini ubao mmoja wa juu haupasui tuta hata ungeachwa wiki nzima. Zile mbili za chini zimeshikwa na tope, kila moja ni mzigo wa mwanamume. Nani alizing'oa? Nani alizibeba akaziegemeza kwenye mkaratusi wa pale ukingoni? Yeye, na gauni lake la msiba?" Alicheka kidogo, watu nao wakacheka. "Alikuwa na msaidizi. Na msaidizi mwenyewe hamna haja ya kumtafuta. Amesimama katikati yenu na amekiri kwa mdomo wake!"

Ghala lililipuka.

"Wamesaidiana!"

"Ndiyo maana anamtetea!"

"Watoke wote wawili!"

"Nilisema uongo!" Rwezaura alipiga kelele. "Sikufungua kitu! Nilidhani mke wangu..." Akajiuma ulimi.

"Ulipokiri ulikuwa mkweli, sasa unapokana tukuamini?" mtu alimjibu. "Chagua siku ya kusema kweli!"

Evaresta alishika meza. Kukiri kwake, kulikomgharimu kila alichokuwa nacho, hakukumwokoa Rwezaura. Kulikuwa kumemkandamiza zaidi. Sasa hakuwa mshukiwa wa panga tu. Alikuwa mshirika wa mwizi aliyejitaja.

"Tupige kura," alisema Rwegasira. "Wanaotaka nyumba zote mbili zitoke kwenye mfereji na kwenye kuzikana, wanyooshe mikono."

Mikono ilianza kupanda. Wa Kemigisha ulikuwa wa nne.

Hapo ndipo Evaresta alipohisi pumzi ya mtu sikioni. Rwezaura alikuwa amesogea karibu yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa hatanii.

"Mama Placidia. Zile mbao mbili za chini. Uliziegemeza kwenye mkaratusi?"

"Sikuzigusa. Nilipoondoka zilikuwa ndani ya lango, nimeziona kwa macho yangu."

"Mimi pia sikuzigusa."

"Najua."

"Nizigiyimana hakuzikuta langoni. Zilikwenda na maji kabla mtu yeyote hajafika. Basi nani aliziona kwenye mkaratusi?"

Evaresta aliinua macho. Asubuhi ile neno lake moja lingeandikwa bila kuulizwa mara mbili, naye alilimeza. Sasa alikuwa nalo neno lenyewe, la kweli tupu, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kulipokea, isipokuwa huyu aliyemwacha akiungua kutwa nzima.

"Kumi na sita," Rwegasira alihesabu mbele, kidole kikiruka mkono hadi mkono. "Kumi na saba. Kumi na nane."

Kidole kiliwafikia wawili hao. Hawakuwa wamenyoosha mikono wala kuinamisha vichwa. Walikuwa wameukazia macho mdomo wake, mwizi wa maji wa zamani na mwizi wa maji mpya, bega kwa bega.

"Kumi na nane," alirudia mwenyekiti, na hesabu ikampotea.